Ukurasa wa Nyumbani: Papai au Asali?



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya kukausha sambaza. Tutaandika, sambaza hazijatoroka. Lakini juma hili tuna habari ya rangi ya ukuta, na tumeona isingoje, kwa sababu mvua imepungua na wengi wenu mmeanza kupaka nyumba.

Habari yenyewe ilianza siku ya likelemba. Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa kikundi chetu, yule anayeuza makala karibu na njia ya lami. Kama kawaida, kila mmoja alikuwa na shauri lake juu ya pesa ya mwenzake. Mmoja alisema anunue godoro. Mwingine alisema aongeze mifuko ya makala, kwa maana tangu benki zilipofunga mwanzo wa 2025, falanga ikiingia mkononi inafaa izae haraka kabla haijapotea. Yeye akasikiliza wote, akafunga pesa katika kitenge, akasema: "Ninakwenda kununua rangi. Ninapaka chumba cha watoto."

Tulicheka. Tuseme ukweli, sisi tunaoandika ukurasa huu tulicheka kuliko wote. Rangi, wakati watu wanatafuta unga!

Akangoja tunyamaze. Kisha akatueleza. Anaishi na binti wa dada yake, mwenye miaka kumi na mitatu. Mtoto huyo alitoka upande wa Masisi na watu waliokimbia, akakaa chini ya shitingi kule Bulengo, na kambi zilipovunjwa mwanzo wa 2025 akaja kwa mama yake mdogo hapa Himbi. Ni mtoto mzuri. Anachota maji, anaosha vyombo, anabeba mdogo. Ila hasemi. Ukimuuliza juu ya nyumbani kwao, anatazama chini. Mwaka mzima ukapita hivyo. Siku moja jioni, akiwa anakunja nguo, akagusa ukuta wa tripleksi ambao haujapakwa kitu, akasema: "Mama mdogo, kwetu chumba chetu kilikuwa rangi ya papai."

Basi. Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema juu ya kwao.

Hakuna aliyecheka tena. Siku iliyofuata watatu kati yetu tulimsindikiza Birere.

Kadi ndogo hudanganya

Katika duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji alitutolea kadi za rangi. Tulibaki na mbili. Moja tuliita papai, kwa sababu ilikuwa njano inayovuta kwenye wekundu, kama nyama ya papai lililoiva sawasawa. Ya pili tuliita asali, kwa sababu ilikuwa njano inayovuta kwenye kahawia. Juu ya kadi, chini ya taa nyeupe ya dukani, hazikuachana sana. Mmoja wetu aliziweka nyuma ya mgongo, akazichanganya, akazitoa tena, nasi tukashindwa kusema ipi ni ipi.

Papai ilikuwa rangi ya mafuta, katika kopo lililokwisha kufunguliwa, mabaki ya kazi ya mlango wa parsele ya mtu. Karatasi ya kopo ilikuwa imechanika, jina la kiwanda halisomeki. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile nyingine. Asali ilikuwa rangi ya maji, katika ndoo iliyofungwa bado, na maandishi yake yote yanasomeka.

Tulifanya jambo moja la akili siku hiyo: hatukununua ndoo. Tuliomba kikombe cha papai na kopo dogo la asali, tukarudi nyumbani.

Wamama, hili lishikeni. Rangi katika kadi ya ukubwa wa kidole si rangi ya chumba. Ukuta mkubwa huonekana na nguvu zaidi kuliko kadi, kwa sababu kuta nne hutupiana mwanga: njano inaingia katika njano, nyekundu katika nyekundu. Kile kilichoonekana kitulivu dukani, ndani kinaweza kukupigia kelele. Ndiyo maana tunasema: paka kwenye kipande cha mbao au tripleksi, kikubwa kama sinia, mara mbili, uache kikauke kabisa. Rangi mbichi haina sura ile ile ya rangi iliyokauka. Usipake juu ya ukuta wenyewe, maana ukuta wa zamani una rangi yake itakayochanganya macho. Na ukiwa na kipande cha mbao, unaweza kukihamisha: karibu na dirisha, kwenye kona, nyuma ya kitanda.

Siku moja, mianga minne

Tuliweka vipande viwili chumbani, tukakubaliana kuvitazama siku nzima.

Asubuhi, dirisha la chumba hicho linatazama mashariki. Jua lilipoingia, papai iliwaka kama moto wa mbabula, na asali ikawa laini kama uji wenye siagi. Wawili kati yetu tukasema papai, hakuna shauri tena.

Saa sita mchana jua liko juu ya paa. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua la mchana haliingii sana dirishani. Chumba kilikuwa na kivuli, na zile rangi mbili zikarudi kuwa ndugu, kama dukani.

Jioni umeme ulikuwapo. Tukawasha ampuli, ile nyeupe ya bei ndogo ambayo sisi sote tunayo. Hapo tulishangaa. Papai ilikufa. Ikawa kama tofali la zamani lililonyeshewa. Asali nayo ikawa na ukijivu fulani. Sababu ni hii: ampuli nyingi za namna hiyo zina mwanga mwingi wa bluu na wekundu kidogo. Rangi haiwezi kurudisha wekundu ambao taa haikuupa. Ukiona kitenge chako kinabadilika ukitoka nje ya butike, ni jambo hilo hilo.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amembeba mdogo. Tukamwuliza: "Binti yetu, ni hii ya kwenu?" Akatikisa kichwa. "Siyo hii." Tukamwonyesha asali. "Siyo hii pia."

Mama mdogo wake akashusha pumzi. Tukaanza kufikiri juu ya falanga zilizopotea. Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yake, na mmoja wetu akawasha mshumaa. Binti akasogea. Akatazama papai katika mwanga wa mshumaa, muda mrefu kabisa. Akasema: "Karibu ni hii. Kwetu hatukuwa na umeme. Tulikuwa na taa ya mafuta."

Tuliduwaa. Mtoto hakuwa anakumbuka rangi ya ukuta peke yake. Alikuwa anakumbuka ukuta pamoja na taa, jioni, wakati wote walikuwa ndani. Mwanga wa moto una njano na wekundu mwingi. Chini yake njano hupauka, na yenye wekundu ndani hupata joto. Kama tungepaka papai ile na kuacha ampuli nyeupe, kila jioni angelala katika chumba ambacho si chake, na sisi tungesema mtoto huyu haridhiki.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya rangi mbili zinazofanana, jiulizeni: nani anakaa katika chumba hiki, na saa ngapi? Chumba cha kushonea, tazameni rangi mchana. Chumba cha kulala cha watoto wanaokwenda masomo, tazameni rangi jioni, chini ya taa ile ile watakayotumia. Rangi nzuri ya saa tatu asubuhi haimsaidii mtu anayerudi saa kumi na mbili.

Mdogo alipoweka mbao mdomoni

Tungemaliza hapo, kama si mtoto wa mwisho wa mama huyu. Ana miaka miwili. Siku ya pili tulimkuta ameketi kwenye pavema, ameshika kile kipande cha papai, anakiguguna kwenye kona kama muwa.

Tulimnyang'anya, tukacheka kidogo, mtoto akalia. Lakini mmoja wetu hakucheka. Aliwahi kufuata mafundisho ya afya, akakumbuka jambo moja. Akatuuliza: "Kopo lile liliandikwa nini?" Halikuandikwa kitu. Karatasi ilikuwa imechanika. Basi tukaenda kuuliza muuguzi tunayemfahamu, naye akatueleza hivi.

Kuna madini yanayoitwa risasi. Hapa Goma neno hilo linatushtua kwa sababu tunayoijua sisi sote, na ndiyo yale yale: madini mazito yanayotiwa katika risasi za bunduki, hutiwa pia katika baadhi ya rangi. Kwa Kifaransa ni plomb. Viwanda viliyatia ili rangi iwe kali, ikauke upesi na idumu. Na zile rangi za joto, yaani njano kali, rangi ya chungwa na nyekundu, ndizo mara nyingi zilizo nayo zaidi, kwa sababu kuna unga wa njano na wa chungwa unaotengenezwa kwa risasi yenyewe. Tena hupatikana zaidi katika rangi ya mafuta kuliko katika rangi ya maji.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Mwili wao unafyonza risasi kuliko mwili wa mtu mzima, ubongo wao bado unajengwa, na mikono yao iko mdomoni siku nzima. Mara nyingi mtoto haanguki, hatapiki. Anakuwa tu mzito wa kujifunza, mwenye hasira, mwenye damu pungufu, na mama anasema ni tabia yake. Kwa mama mwenye mimba ni hatari pia: risasi iliyojificha katika mifupa yake inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Je, papai ile ilikuwa na risasi? Jicho haliwezi kuona, pua haiwezi kunusa, wala ulimi hauwezi kujua. Kupima kunataka mashine. Si kila rangi ya mafuta ina risasi, na si kila njano ni sumu. Lakini kopo lisilo na jina, lisilo na maandishi, la njano inayovuta kwenye wekundu, katika chumba cha mtoto wa miaka miwili, hatukuona sababu ya kubahatisha. Umoja wa Mataifa unashauri nchi zisiruhusu rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 katika milioni moja, na kila mwaka mwezi wa Oktoba kuna juma la dunia nzima la kukumbusha watu hatari hii. Kwetu sisi, mpaka wa kwanza ni mlango wa nyumba yetu.

Mama wa makala alikasirika, si na sisi, na mambo tu. "Mtoto mmoja amesema neno moja kwa mwaka mzima," alisema, "na neno lenyewe ni la rangi ambayo itamuumiza mwenzake." Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye mpaka chai ikapoa.

Tulivyofanya

Fundi mmoja mzee wa kwartie yetu ndiye aliyetutoa. Alitazama vipande vyote viwili, akasema: "Wamama, papai ni asali yenye wekundu. Mna asali tayari. Ongezeni wekundu." Wekundu gani? Ule unga mwekundu wa oksidi ya chuma ambao watu hutia katika saruji ya sakafu. Ni kutu ya chuma, udugu wake ni udongo mwekundu tunaoujua wote, hauna haja ya risasi. Unachanganyika vizuri na rangi ya maji.

Tulinunua ndoo ya asali, iliyofungwa, imeandikwa sans plomb. Tukanunua unga mwekundu kidogo katika pakiti iliyofungwa. Kisha tukajaribu hivi:

Tulipima lita moja ya asali mara tatu, katika vyombo vitatu. Cha kwanza tukatia kijiko kimoja cha chai cha unga, cha pili viwili, cha tatu vitatu. Unga tuliukoroga kwanza na maji kidogo, bila kumwaga mkavu ndani, maana ukiumwaga mkavu unabaki na vidonge, na ukuta unapata michirizi. Tukapaka vipande vitatu, tukaviacha vikauke usiku kucha.

Tukanunua pia ampuli nyingine. Kwenye boksi ya ampuli kuna namba yenye herufi K mwisho. Ile nyeupe yetu ilikuwa 6500 K. Tulitafuta ya 2700 K, ambayo mwanga wake ni wa njano, karibu na wa taa ya mafuta. Haili umeme zaidi kwa sababu ya rangi ya mwanga wake. Wengi wetu hatukujua kwamba unaweza kubadilisha rangi ya chumba kwa kubadilisha ampuli tu, kabla hata ya kugusa brashi. Kama pesa haitoshi kwa rangi, anzeni na ampuli na rido.

Jioni tulimwita binti. Hatukusema kitu. Alitazama vipande vitatu, akachukua cha vijiko viwili, akakibandika ukutani kwa mkono wake, akarudi nyuma hatua moja. Hakusema ndiyo. Aliuliza tu: "Tunaanza lini?"

Hesabu kabla ya brashi

Chumba hicho kina mita 3 kwa 4, na kimo cha mita 2 na nusu. Kuta zote nne zikijumlishwa ni mita za mraba 35. Ondoeni mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Kwenye ukuta wa tripleksi au wa saruji laini, hesabuni lita moja kwa mita za mraba 8 hivi. Kupaka mara moja ni lita 4, mara mbili ni lita 8. Ukuta usiopakwa bado hunywa rangi, kwa hiyo pakeni kwanza rangi nyeupe ya bei ndogo ya maji, ndipo rangi nzuri ifuate. Mkichanganya wenyewe, changanyeni yote ya chumba kizima katika ndoo moja siku moja. Mkichanganya kidogo kidogo, kila ukuta utakuwa na baba yake.

Kama ukuta una rangi ya zamani inayobanduka, msiikwangue ikiwa kavu na msiisugue kwa karatasi ya msasa. Vumbi lake ndilo hatari. Loweni kwa maji, ondoeni polepole, zoeni kwa kitambaa chenye maji, na watoto na wenye mimba wakae kwa jirani siku hiyo. Dirisha liwe wazi, na chumba kisilalwe mpaka harufu iishe.

Na ninyi mliokwisha kupaka kwa kopo msilolijua, msilie usiku. Kama rangi imeshika vizuri, haibanduki, futeni ukuta na madirisha kwa maji mara kwa mara, oshesheni watoto mikono kabla ya kula, na wapeni sombe, lengalenga, maharage na sambaza na mifupa yake. Mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha hafyonzi risasi kwa wingi kama mwenye njaa. Mkiwa na wasiwasi juu ya mtoto, mpelekeni kituo cha afya, mseme wazi kwamba alikuwa anakula rangi.

Kwa wapangaji: ongeeni na mwenye nyumba kabla ya kuanza. Wengine hukubali kupunguza kitu kwenye kodi mkimwonyesha hesabu ya rangi. Wengine hawakubali, lakini angalau hamtafukuzwa.

Ukuta wa nne

Walipaka siku ya Jumamosi, binti na mama yake mdogo. Tulipita mchana na bugari na sombe, kwa maana mtu anayepaka hapiki. Kuta tatu zilikuwa zimekwisha, na ni nzuri. Kopo la papai lile la muuzaji tulikuwa tumelirudishia kikombe chake, tukamweleza muuzaji sababu. Alisikiliza. Tutaona.

Ukuta wa nne, ule wa mlango, ulikuwa mweupe bado. Tulifikiri rangi imewaishia, tukachungulia ndoo. Kulikuwa na ya kutosha. Mama wa makala akatufanyia ishara tunyamaze, lakini mmoja wetu alikuwa tayari ameuliza.

"Kwetu ule haukupakwa," binti alijibu, brashi mkononi. "Baba hakuwa amemaliza."

Kisha akaanza kutueleza: baba yake alikuwa amenunua kopo dogo mno, mama yake alimcheka, na baba akasema mavuno yakija atamalizia. Alieleza mpaka bugari ikapoa. Sisi tulikaa chini kwenye mkeka, hatukugusa sahani.

Ukuta wa nne uko vile vile mpaka leo. Rangi iliyobaki imefunikwa vizuri, iko chini ya kitanda. Siku atakayotaka, ataimalizia.

Juma lijalo: sambaza, tunaapa. Mwenye njia yake ya kuzikausha wakati wa mvua atuletee siku ya kikundi. Mbakie na amani.